Komedi ya siku 40 bila tendo: chini ya nusu ya wachambuzi waliipenda, watazamaji wakalipa, na aliyefungwa pingu ndiye akaomba msamaha

Mwisho wa Reli (mleta uzi)

Wakuu, salaam kutoka Kigoma.

Nina kiukumbi hapa Mwanga, projekta moja na viti vya plastiki. Watu wanakuja kuangalia filamu, ikiisha tunabaki tunabishana mpaka mlinzi anaanza kutikisa funguo. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu na mwanzo wa Ramadhani vimeangukia wiki moja, kwa hiyo nimefunga shughuli. Nusu ya wateja wako Kwaresima, nusu wanawahi futari. Ila vijana wameshatoa oda: sikukuu zikipita wanataka komedi ya mapenzi inayohusu kufunga. Mmoja akataja 40 Days and 40 Nights ya mwaka 2002, wengine wote wakadandia.

Kwa ambao hawajaiona. Matt (Josh Hartnett) anatengeneza tovuti kule San Francisco. Mpenzi wake Nicole amemwacha, na yeye anahama kitanda hiki kwenda kile bila kupata nafuu. Ana kaka anayesomea upadri. Kwaresima inaingia, Matt anaweka nadhiri: siku 40 hakuna tendo, hakuna busu, hakuna kushikana, hata kujichua hakuna. Akishaapa ndipo anakutana na Erica (Shannyn Sossamon) wakiwa wanafua nguo kwenye mashine za kulipia. Kazini siri inavuja, wenzake wanaanzisha kamari ya kubashiri ataanguka siku gani, kamari inapanda mtandaoni, kila mtu anamtegea.

Mapokezi yake sasa. Ilitoka Marekani tarehe 1 Machi 2002, katikati ya Kwaresima yenyewe, maana Pasaka ya mwaka ule ilikuwa 31 Machi. Wasambazaji hawakulala. Iligharimu dola milioni 17, wikiendi ya kwanza ikashika nafasi ya pili nyuma ya filamu ya vita ya Mel Gibson, na ilipomaliza mzunguko ilikuwa imekusanya kama milioni 38 Marekani na Kanada, na dunia nzima karibu milioni 95. Yaani zaidi ya nusu ya fedha imetoka nje ya kwao. Wachambuzi hawakuwa na furaha hiyo. Tovuti ya Rotten Tomatoes, inayohesabu wachambuzi wangapi wameipenda filamu, imekaa kwenye asilimia 40 hivi; Metacritic, inayotoa wastani wa alama zao, hamsini na kidogo kati ya 100. Hata hivyo Roger Ebert, mchambuzi wa gazeti la Chicago Sun-Times, aliipa nyota 3 kati ya 4.

Kinachonikwaza ni mwisho. Usiku wa mwisho Matt anafungwa pingu kitandani kwa hiari yake ili asivunje nadhiri dakika za lala salama. Amelala. Nicole, ambaye ameshaweka pesa kwenye ile kamari, anaingia na kufanya naye tendo akiwa amefungwa na hajitambui, muda mfupi kabla ya saa sita usiku. Erica anafika, anakuta, anakasirika. Na filamu inafanyaje? Inamtuma Matt akaombe msamaha! Anaomba, anasamehewa, wanarudiana, watu wanacheka, majina yanapita.

Mwaka 2002 waliosema haitoshi walisema haichekeshi vya kutosha, au ni matusi mengi, au ni kichekesho kimoja kilichovutwa kwa saa moja na nusu. Wanaoiangalia leo wanasema jingine kabisa: yule kijana kabakwa. Mimi nipo na hawa wa leo. Swali langu: niionyeshe au nitafute nyingine?

Dagaa Mkavu

Siku 40 bila busu? Huyo jamaa angekuja kuvua Katonga mwezi ukiwa gizani, asingekuwa hata na muda wa kukumbuka.

Nasubiri komenti.

Kibirizi Boy

Mleta uzi umenirudisha mbali. Hii filamu kwetu ilifika kwa diski kutoka Bujumbura, ikiwa imewekewa sauti za Kifaransa, jina lake 40 jours et 40 nuits. Kibanda umiza cha karibu na soko, jenereta nje, benchi za mbao, na jamaa mmoja mwenye kipaza sauti anatueleza kinachoendelea huku akiongeza chumvi zake. Kifaransa chenyewe alikuwa anakielewa nusu, lakini nani alijali.

Nakumbuka ukumbi ulivyokuwa. Pale baba yake Matt anaanza kuongea habari za mikao ya kitandani mezani, mbele ya familia, watu waliinuka kwenye benchi. Mzazi wa Kiha akisema yale mbele ya mwanawe si ukoo unaitwa kikao? Walicheka mpaka jenereta halisikiki. Ilipofika pale pa pingu nako walicheka. Mtangazaji wetu akawa anapiga hesabu za kamari, nani kala, nani kaliwa. Hakuna aliyeona tatizo, mimi nikiwemo, tulikuwa vijana wa miaka kumi na kitu na tuliona jamaa kapata bahati.

Kwa hiyo usiwalaumu sana wale wachambuzi wa Marekani. Kigoma nzima tulicheka.

Binti wa Bangwe

Kaka Mwisho wa Reli, mimi nitaitetea kidogo, halafu mnipige mawe.

Alama zile za wachambuzi hazikuitendea haki. Kabla ya dakika kumi na tano za mwisho ni filamu yenye akili kuliko inavyosemwa. Chukua ile sehemu ya maua. Matt na Erica hawaruhusiwi kugusana, kwa hiyo Matt anatumia petali za ua, anazipuliza kwa pumzi juu ya mwili wa Erica taratibu, mkono wake haumfikii. Nitajieni komedi za mapenzi za miaka ile zilizokuwa na dakika tano za mwanaume anayejali mwanamke anajisikiaje, yeye mwenyewe akiwa hapati kitu. Sikumbuki nyingi. Nadhani hapo ndipo akina Ebert walipolainika.

Tena Hartnett wakati ule alikuwa ametoka kwenye Pearl Harbor na Black Hawk Down, zote za 2001, mwanajeshi juu ya mwanajeshi. Wasichana tulikuwa na picha zake kwenye vifuniko vya madaftari. Kumuona anatetemeka kwa sababu mtu kapita na sketi ilikuwa burudani peke yake. Hizo milioni 95 mnadhani zilitoka mfukoni mwa nani? Ni sisi, na sisi hatuandiki magazetini.

Ila mwisho wake siutetei. Na naongeza hili ambalo mleta uzi hakuligusa: Nicole haulizwi chochote. Kaingia, kafanya, kashinda pesa, katoka. Filamu imemuandika kama mwanamke mbaya wa kuvuruga mambo, basi. Kosa lake kwa mujibu wa filamu ni kuwa kaharibu penzi la watu. Aliyetendewa hayumo kwenye hesabu.

Mpenda Haki 77

Povu la nini? Ni komedi. Mwanaume gani mwenye akili timamu analalamika mwanamke mzuri kamfuata mwenyewe chumbani? Mnaleta mambo ya wazungu Kigoma.

Binti wa Bangwe

Mpenda Haki 77, kwanza ile filamu NI ya wazungu, sijui ulitaka tulete mambo ya nani.

Pili, mwambie mwandishi wa ile filamu afunge pingu Erica badala ya Matt. Erica amelala, mpenzi wake wa zamani anaingia kwa sababu kaweka dau. Kesho yake Erica anakwenda kumwomba Matt msamaha kwa kumsaliti. Ukumbi ungecheka? Wewe ungecheka?

Mpenda Haki 77

Hiyo ni tofauti.

Binti wa Bangwe

Nasubiri uniambie tofauti iko wapi.

Mzee wa Kipalapala

Vijana, hamjambo. Naandika kutoka Tabora. Sikuwahi kuwa padre, ila nilipita kwenye madarasa ya seminari miaka hiyo, na maandiko yamebaki kichwani hata baada ya kuoa.

Nianze na hesabu. Kutoka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46, si 40. Jumapili sita hazihesabiwi, kwa kuwa kila Jumapili ni sikukuu ya Ufufuko. Wale wacheza kamari wangekuwa na wakili wa Kanisa, kesi ya siku za Jumapili ingewala pesa zote. Na hakuna sheria ya Kanisa la Kilatini leo inayomtaka mtu ajinyime tendo Kwaresima nzima. Kwa ambaye hajaoa, amri ni ya mwaka mzima, si ya majuma sita. Wanandoa wakitaka kujinyima wakapate faragha ya kusali, Mtakatifu Paulo kwa Wakorintho, barua ya kwanza, sura ya 7, anawaambia wafanye hivyo kwa kupatana, na kwa muda tu. Kwa kupatana! Hata kutofanya kunahitaji ridhaa ya wawili.

Sasa niende kwenye pingu. Katekisimu inafundisha kwamba dhambi ya mauti inahitaji mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu alijue, na aliridhie kwa kusudi. Matt amelala. Hakujua, hakuridhia. Angekwenda kwenye kitubio asubuhi ile, padre asingekuwa na cha kumwondolea. Nadhiri yake haijavunjika.

Na hili si jambo la jana. Roma ilipotekwa mwaka 410 wanawake wengi walinajisiwa, wakiwemo mabikira wa wakfu, na wapagani wakawacheka Wakristo kwamba usafi wao umekwenda wapi. Mtakatifu Augustino akajibu katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu: usafi uko katika utashi, na tamaa ya mtu mwingine haiwezi kumchafua asiyeridhia. Ana mengine mle ambayo leo yangetukwaza, namna anavyowauliza wale wanawake maswali, lakini kwenye msingi huo hakuyumba. Askofu wa Afrika ya Kaskazini wa karne ya 5 aliliona jambo ambalo kikosi kizima cha Hollywood cha mwaka 2002 hakikuliona.

Kwa hiyo nikiulizwa filamu ile imeikosea wapi Kwaresima, sitasema kwenye matusi. Matusi ni ya kawaida, nimefundisha sekondari. Imekosea pale inapomfanya kijana atubu dhambi ya mtu mwingine.

Dagaa Mkavu

Shikamoo mzee. Nilikuja kucheka, sasa natafuta daftari.

Ujiji Kale

Mzee wa Kipalapala, salaam. Umesema yako, nami niseme ya upande huu wa Ujiji, kwa kuwa ukumbi wa huyu kijana wa Mwanga ni wa wote.

Kwetu Ramadhani tendo kwa wanandoa limekatazwa mchana, tangu alfajiri hadi magharibi. Usiku ni halali, aya ya 187 ya Suratul Baqara imesema wazi. Kwa hiyo kisa cha Matt mbele ya Mwislamu kinaanza na alama ya kuuliza: amejifungia halali na haramu pamoja kwa siku 40, na sababu yenyewe ni kumsahau mwanamke, ibada iko wapi? Bibi yangu angesema huyo hajafunga, huyo kagoma.

Lakini tazameni sheria yenyewe ilivyo makini. Mwenye kufunga akifanya tendo mchana wa Ramadhani kwa makusudi, kafara yake ni nzito: kuacha huru mtumwa, asiyepata afunge miezi miwili mfululizo, asiyeweza alishe masikini 60. Nzito hivyo kwa sababu ni makusudi. Aliyelala je? Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kalamu imeinuliwa kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka apate akili. Kalamu imeinuliwa, haiandiki. Matt hana deni lolote. Mwenye deni ni yule aliyeingia chumbani akiwa macho, na dau mfukoni. Na dau lenyewe kamari, maisiri, mlango mwingine wa haramu.

Mimi sikuipenda ile filamu, nilizima nusu saa ya kwanza, wanangu wakaniambia mwisho wake. Ila nawaambia wanaosema watu wa dini ndio wanaoona mambo haya kwa ukali. Hapa dini zote mbili zimemsamehe yule kijana, na waliojiona wana akili pana zaidi ndio waliomhukumu.

Mwisho wa Reli

Ustadh na Mzee, mmenipa nilichokuwa natafuta bila kujua jina lake. Nilidhani nina kinyongo cha mtazamaji tu.

Wakili Bila Joho

Naomba niingize sheria za serikali, maana mnazungumza kama mahakama za mbinguni ndizo pekee.

Tanzania, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 130, kama kilivyoandikwa upya na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinaanza kwa kusema ni kosa kwa mwanamume kumbaka msichana au mwanamke. Kwa hiyo kwa maneno ya kifungu hicho, alichofanya Nicole si kubaka. Msiruke kushangilia, Mpenda Haki 77. Kuna kifungu cha 138C, udhalilishaji mkubwa wa kijinsia, na hicho kinasema mtu yeyote. Kinahusu vitendo vya kujamiiana visivyoingia kwenye 130, vikifanywa bila ridhaa. Nicole angeletwa mbele ya hakimu hapa Kigoma, mwendesha mashtaka angejua pa kuanzia.

Kule ambako kisa kinatokea, California, sheria ya kubaka inazungumzia mtu, haichagui jinsia, na kufanya tendo na aliyelala asiyejitambua imetajwa humo waziwazi. Kwa hiyo kwa sheria ya San Francisco ya mwaka ule ule wa 2002, kilichotokea kwenye kile kitanda kilikuwa na jina.

Mbona basi wachambuzi wengi hawakulitumia? Sababu moja naiona hapa. FBI, ambao takwimu zao ndizo Wamarekani wanasoma magazetini, walikuwa na tafsiri ya tangu miaka ya 1920 iliyomhesabu mwanamke peke yake, tena kwa kutumia nguvu. Waliibadilisha mwaka 2012. Miaka zaidi ya 80 nchi nzima ilihesabu hivyo. Mchambuzi wa filamu anayekaa kwenye kiti Machi 2002 amelelewa na hesabu ile, anaona mwanaume na mwanamke kitandani na muziki wa kuchekesha chini yake, anaandika "mwisho haukunifurahisha", anaendelea.

Na kitu kingine kidogo. Walioisambaza Marekani ni Miramax, enzi hizo ikiongozwa na Harvey Weinstein. Tuhuma za kuwadhalilisha wanawake kingono dhidi yake ziliandikwa na gazeti la New York Times Oktoba 2017. Baada ya pale watu wengi walirudi kwenye filamu za zamani za nyumba ile na kuziangalia upya, hii ikiwemo.

Mpenda Haki 77

Sawa wakili, nimeelewa hiyo ya kulala. Lakini bado nasema mkichambua kila komedi hivi hatutacheka tena.

Mtoto wa Mawese

Mpenda Haki, mbona tutacheka? Chukua The 40-Year-Old Virgin ya 2005, Steve Carell. Nayo ni ya mtu asiyefanya, nayo imejaa matusi, tena kuliko hii. Marafiki wanamsukuma kama wale wa Matt. Gharama dola milioni 26, mapato dunia nzima milioni 177, na wachambuzi wakaipokea vizuri sana, juu ya asilimia 80, hadi Taasisi ya Filamu ya Marekani ikaiweka kwenye kumi bora za mwaka ule. Judd Apatow ndiyo kwanza alikuwa anaongoza filamu yake ya kwanza.

Tofauti kubwa kwangu: Carell hafungi kwa dau. Amechelewa tu, anaona aibu, na filamu inamheshimu. Anasubiri mpaka anaoa. Ukicheka, unacheka na mtu. Ile ya Hartnett unacheka huku umekaa na wanaomtegea, umekuwa mmoja wa wacheza kamari. Ndiyo maana mwisho ule uliwezekana kuandikwa; pesa zilishawekwa mezani, lazima mtu ale.

Binti wa Bangwe

Mtoto wa Mawese 👏🏾 hapo umesema kweli. Mwandishi alijibana mwenyewe. Kamari inataka mshindi, mapenzi yanataka Matt asivunje kwa kupenda kwake. Akapata njia moja tu ya kuridhisha pande zote mbili, na njia hiyo ni kumtendea mtu asiye na fahamu.

Gungu Juu

Na ile ya siku 90 je? Think Like a Man, 2012, wanawake wanasoma kitabu cha mchekeshaji Steve Harvey na kuwawekea wanaume masharti, likiwemo la siku 90 bila tendo. Hiyo ilishusha The Hunger Games kwenye nafasi ya kwanza, dola milioni 33 na ushee wikiendi ya kwanza, na ilikuwa filamu ya bajeti ndogo. Wachambuzi walikuwa nusu kwa nusu, watazamaji weusi kule Marekani walijaza kumbi. Dada zangu wameirudia mpaka wanajua maneno. Mume wa mmoja wao haipendi kabisa, sijui kwa nini 😂

Dagaa Mkavu

Tunajua kwa nini.

Muuguzi Mstaafu

Wanangu, mmesahau jambo moja, au hamkuwa na umri. Ile filamu ilipofika huku, kujizuia hakukuwa kichekesho. Ukutani zahanati kulikuwa na mabango ya subiri, kuwa mwaminifu, tumia kondomu. Tulikuwa tunazika. Mwaka 2003 Marekani walipitisha sheria ya mfuko wao wa UKIMWI, na ndani yake wakaweka kwamba theluthi moja ya fedha za kinga ziende kwenye kufundisha kujizuia mpaka ndoa. Kwa hiyo nchi ile ile iliyotuletea Hartnett anayetetemeka kwa siku 40 ndiyo ilituletea na semina za kuwaambia vijana wasubiri. Nilizifundisha. Vijana wa Kasulu na Kibondo walikuwa wananiuliza maswali ambayo kipeperushi hakikuwa na majibu, hasa wasichana: mama, nikikataa na yeye hataki kukubali kukataa kwangu, nifanyeje?

Kipeperushi kilikuwa kinadhani kujizuia ni uamuzi wa mtu mmoja. Na hiyo filamu ilidhani hivyo hivyo. Siku 40 nzima wanauliza Matt ana nguvu kiasi gani. Halafu anakuja mtu ambaye nguvu za Matt hazimhusu.

Mwanangu mwenye ukumbi, ionyeshe. Lakini usiwaache watoke moja kwa moja kwenda nyumbani.

Kibirizi Boy

Mama umemaliza. Shikamoo.

Wakili Bila Joho

Nyongeza ya kazi, mleta uzi: kule kwao ina daraja la R, chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Hapa Bodi ya Filamu ndiyo inayopanga madaraja, na maonyesho ya hadhara yanataka kibali chini ya sheria ya filamu ya 1976. Na haki ya kuonyesha kwa kiingilio si sawa na kununua diski. Panga karatasi zako kabla ya kubandika tangazo.

Ujiji Kale

Na usiweke siku ya Ijumaa mchana.

Mwisho wa Reli

Ijumaa mchana haiwezekani ustadh, hata mimi naijua Kigoma.

Basi nimeamua. Nikipata kibali, naonyesha mbili kwa Jumamosi mbili, miaka 18 na kuendelea. Ya kwanza hii ya Hartnett. Pale pa pingu, Nicole akishafanya yake, nasimamisha, nawasha taa, na kila mtu anaandika kwenye karatasi bila jina: nani anamdai nani msamaha? Nakusanya, halafu naendelea mpaka mwisho. Tukimaliza nasoma karatasi kwa sauti. Jumamosi inayofuata ni ya Carell.

Muuguzi Mstaafu, kama uko Kigoma mjini naomba uje, kiti cha mbele ni chako na nauli nitatuma. Mzee wa Kipalapala, treni ya Tabora unaijua mwenyewe. Mpenda Haki 77, wewe nataka ukae karibu na Binti wa Bangwe.

Mpenda Haki 77

Nakuja. Ila karatasi yangu usiisome kwa sauti.

Binti wa Bangwe

Ataitambua nani wakati haina jina? 😂 Kiingilio shilingi ngapi?

Mwisho wa Reli

Elfu mbili. Wanaokuja na karanga wagawane.